Kasuku Apewe Kazi, Si Mapambo

Kasuku anayejinyonyoa manyoya mara nyingi huanzia kifuani. Mwanzoni mwenye ndege huona manyoya machache chini ya kizimba na kudhani ni ya kupukutika tu. Baadaye ngozi inajitokeza kifuani na mapajani, huku kichwa kikibaki na manyoya yake yote, kwa kuwa ndiyo sehemu pekee ambayo mdomo wake haufiki. Ndege wa namna hiyo apelekwe kwanza kwa daktari wa mifugo, maana maradhi nayo huleta dalili hizohizo. Daktari asipoona ugonjwa, wengi hukimbilia dukani kununua kengele na kioo, na hali haibadiliki.

Mwaka 2003 Cheryl Meehan, James Millam na Joy Mench wa Chuo Kikuu cha California kule Davis walichapisha jaribio linalostahili kusomwa na kila mwenye kasuku. Matokeo yake yametajwa sana. Mimi navutiwa zaidi na jinsi lilivyopangwa, kwani swali la kichezeo gani kinunuliwe na kibadilishwe lini limejibiwa humo.

Walichukua kasuku 16 wa jamii ya Amazona amazonica, wote wachanga, waliolelewa na wazazi wao wenyewe badala ya kulishwa kwa mkono wa binadamu. Nane wakawekwa katika vizimba vya kawaida, nane katika vizimba vilivyojazwa vitu vya kufanyia shughuli, kila mmoja peke yake, kwa wiki 48. Hali ya manyoya ikapimwa kwa alama 10 tangu mwanzo hadi mwisho. Kila wiki vitu vilibadilishwa, ukaletwa mchanganyiko mwingine, ili upya usiishe.

Vitu hivyo vilikuwa vya aina mbili. Aina ya kwanza ilimpa ndege mahali pengine pa kutua, pa kukwea au kubembea, na vitu vya kusogeza. Aina ya pili ilimlazimu kukitafuta chakula: atafune kizuizi mpaka kitoboke, asukume kitu kupitia tundu, achambue takataka zisizolika ili apate kilicho chini yake, au afungue chombo. Hizi kazi nne naziona kuwa ndio moyo wa jaribio zima. Ni kazi za mdomo na mguu, zilezile anazozifanya kasuku mtini anapopasua tunda ili aifikie mbegu.

Hesabu ya muda inaeleza kwa nini zilihitajika. Kasuku wa mwituni wa Puerto Rico, ndugu wa karibu wa hao wa Davis, hutumia saa 4 hadi 6 kwa siku kutafuta na kula chakula. Kasuku wa kizimbani anayelishwa vidonge vilivyotengenezwa kiwandani hushiba kwa nusu saa hadi saa moja na ushei. Saa zinazobaki hazina kazi, na ndege ana mdomo ulioumbwa kwa ajili ya kuvunja. Kitu kilicho karibu zaidi na mdomo huo ni manyoya yake mwenyewe.

Baada ya wiki 48, waliokuwa na shughuli walikuwa na manyoya mazuri zaidi kuliko wenzao. Ndipo watafiti wakapiga hatua ambayo mimi naithamini kuliko zote: wale wa vizimba vya kawaida nao wakapewa vitu hivyo, na manyoya yao yakaanza kuwa mazuri. Kwa hiyo dawa ileile inayokinga pia hutibu, angalau kwa ndege ambaye bado ni kijana.

Jaribio lina mpaka wake. Aina zote mbili zilitolewa pamoja, hivyo haiwezekani kusema kwa uhakika ni ipi iliyoyaokoa manyoya. Hata hivyo ndege walivitumia vitu vya kutafutia chakula zaidi sana kuliko vile vya kubembea na kukwea. Kwa mtu mwenye fedha ya kitu kimoja tu, uamuzi wangu ni huo: nunua, au bora zaidi utengeneze, kitu kinachoficha chakula.

Huku kwetu vifaa havikosekani. Gunzi la mahindi lililofungwa ndani ya karatasi ya kaki pamoja na karanga mbili za kuchemsha humpa kazi ya kutafuna. Kifuu kikavu kilichotobolewa matundu, kikitiwa vipande vya karoti, humfanya achokore na kugeuzageuza kwa mguu. Sinia iliyojaa makumbi safi yenye punje chache chini yake humpa kazi ya kuchambua. Boksi dogo lililotolewa pini na utepe wa gundi atalifungua, kisha atalichanachana, na kuchanachana huko nako ni sehemu ya faida. Waya wa mabati uachwe kabisa, kwa sababu zinki iliyopakwa juu yake humdhuru ndege anayeilamba na kuitafuna; risasi ni mbaya vilevile. Kamba ya katani ikatwe fupi, na ikianza kufumuka iondolewe, maana nyuzi ndefu hujifunga vidoleni na zikimezwa huziba matumbo.

Kuhusu kubadilisha, hapa ndipo ninapoona watu wakiiga Davis vibaya. Ndege wale walizoea mabadiliko tangu uchanga. Mwaka 2007 Rebecca Fox na Millam walionyesha kwamba kasuku wanaobadilishiwa vitu mara kwa mara huviogopa vitu vipya kwa kiasi kidogo, ingawa tabia ya ndege mmoja mmoja hutofautiana. Kasuku wa kijivu aliyekaa miaka mingi na kengele ileile ni kisa kingine. Ukimbadilishia kila kitu Jumapili moja, anaweza kujibana pembeni na kukataa kula. Kitu kipya kiwekwe kwanza nje ya kizimba, mahali anapokiona, kisogezwe siku hadi siku, na mwenye ndege akitomasetomase mbele yake. Kikishaingia, kile anachokipenda kibaki palepale. Toa kimoja, ingiza kimoja. Vilivyotolewa vioshwe na kufichwa kabatini, kwa kuwa kitu kisichoonekana kwa wiki tatu hurudi kikiwa na sehemu ya upya wake.

(Huyu wa kijivu, Psittacus erithacus, yumo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu Januari 2017. Anayemfuga Kenya ahakikishe ana kibali cha Shirika la Huduma za Wanyamapori la Kenya (KWS) kabla ya kufikiria kichezeo.)

Watafiti wa Davis walifanya pia jaribio la kuwaweka kasuku wachanga wawili wawili wa jinsia moja. Waliokuwa na mwenzao walipiga kelele kidogo, wakavitumia zaidi vitu vya kizimbani, na hawakupata tabia ya kurudiarudia mwendo uleule usio na maana, ambayo wengi wa waliokaa peke yao waliipata. Kasuku anahitaji wenzake, kwa hiyo mahali pa kizimba pana uzito kama kilichomo ndani yake. Kasuku asiye na mwenzake awekwe sebuleni wanapokaa watu, atolewe nje kila siku, na kazi ngumu za kutafuta chakula apewe zile saa ambazo nyumba haina mtu.