Methali za Mtazamaji na Ukingo wa Mto Kagera

Methali ni hazina ya taifa, lakini hazina isiyokaguliwa huweza kuficha sarafu mbovu. Shuleni methali hukaririwa kana kwamba kila moja ni amri. Kazi ya mhakiki ni kuipima kwa maisha ya watu. Katika makala haya tutapima methali tatu zinazomhusu mtazamaji, yaani mtu aonaye madhila ya mwenziwe, naye si mtenda wala si mtendwa. Kipimo chetu ni mto Kagera, unaozitenga wilaya za Karagwe na Kyerwa na nchi ya Rwanda.

Methali ya kwanza ni hii: "Pilipili usiyoila yakuwashiani?" Aghalabu hutumiwa kumkanya mdaku, na katika mambo ya faragha ya jirani ina haki yake. Ikipelekwa penye mauaji, hugeuka kuwa ngao ya mwoga. Mwezi Aprili 1994 mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza Rwanda, mto huo ulichukua maiti hadi Ziwa Victoria. Huko Kasensero na Lambu, nchini Uganda, wavuvi na wanakijiji waliwaopoa na kuwazika watu wasiowajua hata kwa majina. Kwa upande mwingine, tarehe 21 Aprili Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliamua kupunguza askari wake walioko Rwanda wabaki 270 tu. Ni dhahiri basi kwamba mtazamaji hafanywi na umbali wala na unyonge. Mwenye uwezo mkubwa alijitenga, na mwenye mtumbwi akatenda.

Methali ya pili, "Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji," hufundishwa kama kinyume cha ile ya kwanza. Lakini tuitazame vema: maji hayo hutiwa kichwa cha nani? Msikilizaji anaambiwa alowanishe nywele zake mwenyewe. Haambiwi auzuie wembe, wala aulize kwa nini mwenziwe ananyolewa. Hekima yake ni ya tahadhari, na mtu akiifuata peke yake atakuwa mtazamaji mwerevu, lakini mtazamaji bado.

Ya tatu yasema: "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara, kusini mwa Karagwe. Wengine walipokelewa Karagwe kwenyewe, ambayo wakati huo ilijumuisha Kyerwa, kwani wilaya hiyo iliundwa mwaka 2012. Hapa mwenyeji anatoka pembeni na kutenda. Hata hivyo methali hii nayo ina upungufu. Mwenyeji hakupona tu. Miti yake ilikatwa kwa kuni. Tena haimwulizi mgeni ametoka kufanya nini, hali miongoni mwa waliokimbia walikuwamo wauaji. Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa meya wa Rusumo ng'ambo ya mto, alikamatwa mkoani Kigoma mwaka 2001. Mwaka 2004 mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari, yakiwamo mauaji ya watu waliokimbilia kanisa la Nyarubuye. Hukumu hiyo isingewezekana kama walioona wangenyamaza.

Kwa hiyo ukarimu hauna budi kwenda pamoja na ushahidi. Kiswahili chetu kinatofautisha mtazamaji na shahidi: wote wawili wameona, lakini shahidi amekubali kuulizwa.

Walimu wasiishie kuwauliza wanafunzi maana ya methali. Wawaulize pia: ni nani anayeisema, anaisema wakati gani, na ni nani anayeumia inapokubaliwa? Wanafunzi wa Karagwe na Kyerwa walizaliwa baada ya mwaka 1994, nao wanaweza kuanza kwa kuwauliza wazee wa ukingoni waliyoyaona, wakayaandika.