Doa Jeupe Si Lazima Liwe Pengo: Kuisoma Upya Makala ya 2003

Kuna picha moja niliyowahi kuionyesha kwenye semina nikijiamini kabisa. Mistari ya kung'aa, katikati yake mistari ya giza, na juu ya ile ya giza madoa meupe yametawanyika. Nikasema, "Haya madoa ni mapengo, mahali ambapo atomi ya oksijeni haipo." Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akanyoosha mkono: "Umejuaje?" Nikamjibu kwamba ndivyo ilivyoandikwa kwenye makala. Jibu hilo linanikera mpaka leo, ndiyo maana naandika hii.

Uso unaopigwa picha hapa ni wa titani dioksidi, ile poda nyeupe iliyomo kwenye rangi ya ukutani na dawa ya meno. Fuwele yake iitwayo rutili imechimbwa hata kwenye mchanga wa Kwale, pwani ya Kenya. Sifa yake kubwa ilianza 1972, Fujishima na Honda wa Japani walipoonyesha kwamba ikimulikwa inaweza kusaidia kuvunja maji yakawa haidrojeni na oksijeni. Yaani mafuta kutokana na jua na maji. Lakini ili uelewe hilo, kwanza ujue maji yanafanya nini yanapogusa uso huo. Ukiupasha moto ndani ya ombwe, uso hupoteza baadhi ya oksijeni zake za juu kabisa, kwa kawaida chini ya moja katika kila kumi. Panapobaki wazi ndipo pengo, na mapengo ndiyo yanayopokea maji kwa haraka.

Sasa twende kwenye makala yenyewe. Mwaka 2003 kikundi cha Aarhus, Denmark, kilichapisha kwenye jarida la Science filamu za madoa haya yakiruka kutoka mstari mmoja hadi mwingine. Maelezo yao: molekuli ya oksijeni inayotembea juu ya uso huziba pengo hapa na kufungua jingine kule. Nikiri, ni makala tamu kusoma. Hoja inafuatana vizuri, na filamu zinakushika. Mimi zilinishika.

Tatizo ni kwamba madoa waliyoyafuatilia hayakuwa mapengo. Yalikuwa haidrojeni zilizokaa juu ya oksijeni, yaani haidroksili. Zimetoka wapi? Kwenye maji. Hata ombwe zuri kiasi gani hubakiza maji kidogo, na molekuli moja ikiingia kwenye pengo inavunjika: sehemu moja inaliziba, na haidrojeni iliyobaki inahamia oksijeni ya jirani. Pengo moja limeondoka, haidroksili mbili zimezaliwa. Ukihesabu madoa bila kujua hili, unaweza kudhani mapengo yameongezeka, kumbe yanakwisha!

Kilichonifurahisha ni kwamba kikundi kilekile kilirudi 2005 na kujirekebisha hadharani. Waliingiza maji makusudi, wakayatenganisha madoa: pengo hung'aa kidogo, haidroksili hung'aa zaidi. Mwaka uliofuata wakaonyesha kwamba molekuli za maji ndizo zinazosaidia haidrojeni kuvuka mistari. Si kila mtu ana moyo huo, na sayansi inawadai shukrani.

Basi lawama yangu iko wapi? Kukosea si kosa langu la kuwashtaki, sote tunakosea. Lawama ni kwamba tahadhari ilikuwepo. Hadubini inayotumika hapa ni sindano inayopita juu ya uso bila kuugusa, na haipimi kimo peke yake, inapima pia namna elektroni zinavyopita. Kwenye uso huu safu za oksijeni ndizo zilizoinuka, lakini kwenye picha zinaonekana giza. Titani zilizo chini ndizo zinazong'aa. Yaani picha imepindua juu na chini! Isitoshe, mwaka 2000 Suzuki na wenzake huko Japani walishaonyesha kwamba haidrojeni kwenye uso huohuo nayo huonekana kama doa jeupe, na kwamba elektroni zinaweza kuiondoa. Jaribio la kutenganisha doa na doa lilipaswa kutangulia hadithi, halikupaswa kuifuata.

Na mapengo yenyewe, yanatembea? Ndiyo, ila polepole. Mwaka 2007 watafiti wa maabara ya Pacific Northwest, Marekani, waliyafuatilia wakiupasha uso moto. Yalisogea ndani ya mstari wao tu, na kizuizi cha kuruka kilikuwa kama elektroni-volti 1.15. Hebu tupige hesabu ya haraka. Tukidhani atomi inajaribu kuruka mara trilioni kumi kwa sekunde, kwenye nyuzi 127 za Selsiasi pengo litaruka mara moja kila nusu dakika hivi. Kwenye joto la chumba, mara moja baada ya wiki tatu au zaidi. Kwa hiyo ukiona doa linakimbia kwenye joto la chumba, shuku kwamba si pengo.

Lakini kidole kinatugeukia na sisi tunaoandika blogu kama hii. Tunachukua picha, tunachora mshale, tunaandika "pengo", na wewe msomaji unaamini kwa sababu umeona kwa macho yako. Mshale ule si sehemu ya kipimo. Ni maoni ya mtu. Na anayetafuta kichocheo cha kutengeneza haidrojeni akianza na mshale uliokosewa, atapoteza miaka akiboresha mapengo ambayo maji yalishayaziba zamani.

Kwa hiyo ukikutana na picha ya atomi, hata hapa kwetu, uliza alichouliza yule mwanafunzi. Slaidi yangu bado ina picha ileile. Nimebadilisha maandishi tu: palipoandikwa "pengo" sasa pameandikwa "doa", na chini yake nimeeleza jaribio gani lingetuambia ni nini.