Herufi Aliyopewa Asiyestahili

Mpiga gitaa akibana nyuzi tatu na kuzipiga zote kwa mpigo mmoja, Waingereza huiita sauti ile iliyopatana "chord". Ukiuliza neno limetoka wapi, jibu la haraka liko mkononi mwake: uzi. Kilatini kina chorda, uzi wa ala, nacho kililichukua kutoka kwa Wagiriki, ambao kwao lilikuwa utumbo, maana nyuzi za kale zilisokotwa kwa matumbo ya kondoo. Tahajia inakubali, gitaa lenyewe linakubali.

Mtunga kamusi hakubali. James Murray, Mskoti aliyekabidhiwa uhariri wa kamusi kubwa ya Oxford mwaka 1879, alifanya kazi katika banda la mabati bustanini kwake, kuta zimejaa vijumba vya kuwekea karatasi. Wasomaji wa kujitolea walimletea vipande vya karatasi kwa posta, kila kimoja kina neno, sentensi lilimoonekana, kitabu na mwaka. Hata wanawe walivichambua, wakipata hela ya peremende. Ni kazi ya kuchosha macho. Lakini vipande vikishapangwa kwa umri, cha kale kikiwa mbele, neno hulazimika kusema lilikuwa nani kabla halijavishwa nguo za leo.

Neno letu basi, katika maandishi ya kale ya muziki, ni "cord", halina h. Nalo ni kifupi cha "accord", mapatano, silabi ya kwanza imemezwa. Accord ilivuka bahari kutoka Ufaransa, na ndani yake mna cor ya Kilatini, yaani moyo. Wasomi waliopenda mno Kilatini ndio waliolibandika h, karibu na karne ya 17, wakidhani wanalirudisha kwao.

Ninachokipenda katika ufundi huu ni kwamba haushangilii. Unayatenga maneno mawili yaliyofanana sura, kila moja na kidahizo chake, kisha unaongeza bila haya kwamba huenda accord nayo iliguswa na ule uzi huko nyuma, kabla ya Kiingereza.

Na kamba ya kawaida, ambayo kweli ni mjukuu wa chorda? Waingereza huiandika cord. Mwenye haki ya h hana, na aliyenayo ni wa moyo.