Kichwa Kikubwa Kuliko Utumbo

Picha za hadubini ya elektroni mmeziona, na mimi sizibishi: ndani ya utumbo wa Limnoria, krasteshia mdogo wa baharini anayekula mbao, hamna bakteria waliofanya makazi. Watafiti Boyle na Mitchell walipima vizuri. Walipokosea ni kwenye kichwa cha makala. Katika jarida la Science mwaka 1978 walitangaza kukosekana kwa vijidudu katika matumbo ya krasteshia. Krasteshia! Neno hilo linambeba kamba, kaa, na hata Sphaeroma terebrans anayetoboa mizizi ya mikoko yetu pasipo kuila, maana yeye chakula chake hukichuja majini.

Ubaya zaidi, kichwa hicho kilimtaja mnyama kikaacha nyumba yake. Limnoria tripunctata hakupata sifa kwa kula mbao safi. Sifa yake ni kutafuna nguzo za gati zilizonyweshwa kriosoti, sumu inayowafukuza watoboaji wengine. Mbao ikishazama baharini huvikwa bakteria, na mlaji huwameza pamoja na unga wa mbao. Basi ukiulizwa kuhusu bakteria wake, swali la kwanza ni: umemtoa kwenye mbao gani? Mwaka uliofuata tu, Zachary na Colwell waliandika katika Nature kwamba waliotolewa kwenye nguzo za kriosoti walikuwa na bakteria utumboni. Baadaye ikapendekezwa kwamba huenda bakteria hao ndio wanaomsaidia kuistahimili sumu. Lakini tayari neno "hamna" lilikuwa limeshika njia.

Nimelalamika hapa mara nyingi kuhusu tabia ya kumpima kila mla mbao kwa kipimo cha mchwa, anayemeng'enya mbao kwa msaada wa vijidudu vya utumboni: ana bakteria au hana, kwisha. Mchwa ametuharibia maswali.

Kazi ya 2010, iliyoonyesha kwamba Limnoria hujitengenezea mwenyewe vimeng'enya vya kuvunja selulosi, vikiwemo vya jamii ya GH7, ni safi; lakini kichwa chake nacho kilirudia lile "hamna".

Ila wazee walijua kujizuia. Menzies, aliyemtenga tripunctata kama spishi mwaka 1951, hakuvuka alichokiona. Dixy Lee Ray, kabla siasa hazijamfanya gavana wa jimbo la Washington, aliripoti pamoja na Julian mwaka 1952 kwamba Limnoria ana kimeng'enya cha selulosi. Kichwa chao kilitaja kimeng'enya na mnyama, basi. Krasteshia wengine waliachiwa matumbo yao.