"Maji ya betri": jina moja, chupa mbili

Chukulia uko Nainokanoka, chini ya Olmoti, na baridi ya kule unaijua. Saa mbili usiku taa ya sola inafifia. Kesho yake fundi anafungua vifuniko vya betri, anachungulia (kwa tochi, tafadhali, si kwa kiberiti, maana humo hutoka haidrojeni), kisha anakwambia: "Maji yamepungua. Ukishuka Karatu, lete maji ya betri."

Haya, utanunua nini?

Dukani kuna chupa mbili, na watu wanaziita zote hivyohivyo. Moja ni maji yaliyokenekwa, hayana chumvi wala madini. Nyingine ni asidi ya salfuriki iliyozimuliwa, asidi yenyewe ikiwa kama theluthi moja ya uzito. Zote ni nyeupe pee. Ugomvi wangu ni na hilo jina.

Kinachopungua kwenye betri ni maji. Ukichaji, sehemu ya maji huvunjika kuwa haidrojeni na oksijeni, yanapotea hewani, asidi inabaki. Kwa hiyo betri ya vifuniko huongezwa maji yaliyokenekwa tu. Ukitia asidi, mchanganyiko unazidi ukali na sahani za risasi zinaliwa. Betri ilikuwa na kiu, wewe umeipa sumu, na jina ndilo lililokutuma.

Shule nayo haitusaidii sana. Sekondari tunaisoma asidi hii kwa Kiingereza: nyuzi joto 450, kichocheo cha vanadiamu, mtihani, kwisha. Habarini inaitwa tindikali, kama ile waliyomwagiwa wasichana wawili wa Kiingereza Zanzibar, Agosti 2013. Nyumbani ni maji ya betri. Basi mtoto anaweza kufaulu kemia, akaiogopa tindikali, halafu akaihifadhi asidi ileile kwenye chupa ya soda chini ya kitanda. Mdogo wake akiamka na kiu je?

Na haina haraka. Tone likidondokea nguo ya pamba, leo unaona unyevu tu. Maji yanakauka, asidi inabaki na kuzidi ukali, baada ya muda unakuta tundu. Ikigusa ngozi au jicho, usingoje iwashe: maji mengi yanayotiririka, dakika 20, vua nguo iliyolowa, kisha zahanati. Usipake maziwa wala mafuta. Magadi ni ya sakafuni: yanyunyize palipomwagika, yatatoa povu, na povu likikoma ujue asidi imekwisha nguvu. Jichoni hapana kabisa.

Ningependa wauzaji waandike ASIDI kwa herufi kubwa kwenye chupa moja, na MAJI YA KUONGEZEA kwenye nyingine. Hadi hapo, ukifika kaunta usiseme "maji ya betri". Sema unataka yaliyokenekwa, ya kuongezea, na usome lebo kabla hujatoa hela.