Kabla ya Kugusa Programu

Umeme wa Kolwezi hutoka mbali. Laini ya Inga, iliyokamilika mwaka 1982, huuleta kwa kilomita zipatazo 1,700 kutoka Mto Kongo, ingawa Nzilo na Nseke, mabwawa ya Lualaba, yako karibu. Migodi ya shaba na kobalti inataka zaidi ya unaofika, na koranti hukatika. Seva nazo huzimika. Zikiwaka tena, ndipo mtu huuona ufundi ninaotaka kuusifu hapa.

Mjiolojia hahitaji kukaa kando ya seva. Yeye yuko na laptopu yake, seva iko chumba kingine au iko Lubumbashi, na dirisha la programu linamfikia kupitia SSH, njia ya kuingia kwenye mashine ya mbali, kwa mfumo wa X11. Mfumo huo ulianzia MIT mwaka 1984, toleo lake la 11 likatoka mwaka 1987, na hadi leo watu wanaufanyia kazi. Asubuhi baada ya giza la kukatika umeme anaita programu yake ya kuchora mwamba, anajibiwa kwamba skrini haifunguki. Anampigia fundi: “Papa, jana ilikuwa inafunguka!”

Fundi mchanga angekimbilia kuifuta programu na kuiweka upya. Aliyeiva haigusi. Anaingia kwenye seva na kuita xclock, kiprogramu kinachochora saa tu. Saa ikitokea, njia ya picha ni nzima. Tatizo liko kwenye programu yenyewe. Saa isipotokea, programu ya mjiolojia haina kosa na inaachwa ipumzike. Napenda sana hatua hii. Kwa nusu dakika imeondoa nusu ya mashaka, na hakuna kilichoharibiwa.

Kisha anatazama kigeu cha DISPLAY, kinachoeleza picha ipelekwe wapi. Kikiwa kitupu, SSH imekataa kupitisha picha, na sababu huwa kwenye kumbukumbu za mfumo. Wakati mwingine kigeu kina thamani ila diski imejaa, kwa hiyo faili la .Xauthority haliwezi kupokea ufunguo mpya unaotolewa kila mtu anapoingia. Hilo ni jepesi.

Gumu ni lile ambalo chanzo chake kina umri wa miezi. Seva inayoendelea kuwaka hutumia mipangilio iliyopakiwa siku ilipowashwa. Mtu akibadilisha faili katikati, badiliko linaweza kulala humo bila kuonekana. Kwa mfano, mtu alizima IPv6, mfumo mpya wa anwani za mtandao, kwenye mipangilio ya kiini cha Linux, akaandika tu bila kuitekeleza, akasahau. Koranti inakatika, seva inawaka, na sasa IPv6 haipo. SSH bado inajaribu kufungua mlango wa picha kwenye anwani zote mbili, ya zamani na ya IPv6. Ya pili inashindikana, na SSH inaacha yote. Kuingia kwa maandishi kunafanya kazi vizuri kabisa, na hilo ndilo linalopoteza wengi.

Fundi mzuri hupanga mafaili ya mipangilio kwa tarehe na kusoma yote yaliyoguswa tangu seva ilipowashwa mara ya mwisho kabla ya giza. Anauliza waliokuwa zamu, kwa upole, maana aliyeogopeshwa hatakumbuka. Anapolipata, dawa ni mstari mmoja kwenye mipangilio ya SSH, AddressFamily inet, kisha kuianzisha huduma hiyo upya. Saa inatokea.

Wengi wangeaga hapo. Yeye anaomba muda mchana, wajiolojia wahifadhi kazi zao, kisha anaizima seva kwa makusudi na kuiwasha. Anaingia, anaita saa tena, halafu programu yenyewe. Anaandika tarehe, faili na mstari aliouongeza kwenye daftari la zamu, ndipo anampigia mjiolojia.