Viambishi Vidogo katika Hotuba za Siasa

Husemwa mara nyingi kwamba msemaji wa siasa huwavuta watu kwa sauti na kwa mithali. Sisi twaona kwamba nguvu iliyo kubwa zaidi imo katika viambishi vidogo, ambavyo msikilizaji havitambui kwa kuwa amevizoea tangu utoto.

Na tuitazame hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kuingia Kagera. Mwalimu alitaja uwezo, sababu na nia ya "kumpiga", na kila jina akalifungia kwa "tunao" au "tunayo". Kama angalisema, "Tuna uwezo wa kumpiga," maana ingalikuwa ile ile. Lakini ingalikuwa habari mpya, nayo habari mpya hudai ushahidi. Jina likitangulia, na "tunao" likaja nyuma, jambo huwa kama limekwisha kujulikana, na msikilizaji hukumbushwa tu. Tena itazameni "-m-" iliyomo ndani ya "kumpiga". Ni mtu mmoja. Hakusema "kuwapiga", na silabi hiyo moja ilitosha kuwatenga watu wa Uganda na mtawala wao. Kwa hukumu yetu hapo ndipo palipo ubora wa hotuba ile, kuliko hata mapigo yake yaliyopendwa na wote.

"Tu-" yenyewe ina hatari. Wamalayu wana maneno mawili, "kita" humwingiza anayeambiwa, na "kami" humwacha nje, Kiswahili hakibagui. Mwaka 1978 haikudhuru, kwa maana vita ilikuwa ya wote. Lakini mgombea asimamaye Bunju, kando ya barabara ya Bagamoyo, akisema "tutaleta maji", ni nani atakayeyaleta: yeye, chama chake, au wenyeji na majembe yao? Wito wa John Magufuli wa mwaka 2015, "Hapa Kazi Tu", hauna hata kitenzi wala nafsi. Wapendeza masikioni, hatukatai. Ila kila mtu aliweza kudhani kwamba wavivu wanaosemwa ni wenzake.

Lililo baya kupita yote ni "maji yataletwa". Hapo mtenda ametoweka kabisa. Yafaa wanafunzi wa madarasa ya juu wapewe sentensi kama hiyo na kuamriwa waigeuze iwe ya kutenda. Watakapofika mahali pa kuandika jina la mletaji, kalamu itasimama.